Dada Akiondoka, Mtoto Umwambie Nini?

Tuanze na hesabu. Mimi na mume wangu tunaishi Chamazi, na wote wawili tunafanya kazi mjini, mmoja Posta na mwingine Kariakoo. Ukitaka kuiwahi foleni ya Mbagala Rangi Tatu, saa 11 alfajiri uwe umeshafunga geti. Jioni ni vivyo hivyo, ukifika nyumbani saa 2 usiku unamshukuru Mungu. Mtoto wetu wa kiume ana miaka 4. Anaamka saa 12 asubuhi na kulala saa 3 usiku. Toa saa 4 za chekechea. Kinachobaki kwa siku ya kazi ni saa 10 za dada, na saa 1 ya baba na mama.

Sidhani kama nyumba yetu ni ya ajabu. Nenda Mbande, nenda Goba, nenda Bunju au Kigamboni, utakuta vijana wenzetu wamejenga mbali kwa sababu viwanja vya mbali ndivyo mfuko uliporuhusu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ukisimama Rangi Tatu jioni utaapa kwamba nusu yao wanagombea daladala moja na wewe.

Kwa hiyo tukizungumza kuhusu malezi ya mtoto wa chekechea, tukasema mama afanye hivi na baba afanye vile, halafu dada wa kazi hatumtaji, tunakuwa tumeziruka saa 10 kati ya 11. Dada ndiye anayejua kikombe gani mtoto anakitaka. Ndiye anayesikia neno jipya likitamkwa kwa mara ya kwanza, na ndiye anayempuliza goti akianguka. Na ndiye mtu ambaye, katika nyumba nyingi, huondoka siku moja bila mtoto kuambiwa kitu.

"Atasahau tu"

Dada yetu alikuja kutoka Singida wakati mtoto ana miezi 8. Februari 2025 alituweka chini, akatuambia kwamba amepata nafasi ya kujifunza ushonaji kwao, hivyo angependa kuondoka katikati ya Machi. Tulimpongeza. Ana miaka 21, na hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia abaki Chamazi akoge vumbi la watu wengine. Lakini usiku ule mimi na mume wangu hatukulala mapema. Tulikuwa na swali moja: mtoto aambiwe nini?

Mama mkwe, ambaye yuko Muheza, alikuwa na jibu kwenye simu kabla hatujamaliza kuuliza. "Msimwambie. Siku ya safari mtoeni, mpelekeni kutembea. Akirudi akute mtu keshaondoka. Akiuliza, mwambieni dada kaenda sokoni. Atalia siku mbili, siku ya tatu atasahau. Mtoto mdogo huyo, anajua nini?"

Majirani wawili niliowauliza walisema hivyo hivyo, tena kwa maneno karibu yale yale. Nataka nikiri kwamba ushauri huu hautoki kwenye roho mbaya. Mama mkwe amelea watoto 6, wote wazima na wenye adabu zao. Anachotaka ni mjukuu wake asiumie. Nani asiyetaka hivyo? Mume wangu naye alianza kwa kukubaliana na mama yake. Mimi nilikuwa upande mwingine, nikiamini mtoto ana haki ya kuaga. Basi tukawa na siku tatu za kujibizana chumbani kwa sauti ya chini, maana mwenye habari alikuwa amelala chumba cha pili.

Mwisho wa yote ni yeye mwenyewe mume wangu aliyeukata mjadala, tena akiwa anapiga mswaki. Akasema, "Lakini na wewe Jumamosi huwa unaenda sokoni."

Nilimwelewa hapo hapo. Kama dada alienda sokoni na hakurudi, basi soko ni mahali ambapo watu wanapotelea. Siku nitakayochukua kikapu changu kwenda Mbagala kununua samaki, mtoto atajua nini kuhusu kurudi kwangu? Ule uongo ulikuwa umetungwa ili kumkinga na machozi ya siku mbili, lakini ungeweza kumwachia hofu ya kila Jumamosi.

Kunyamaza si kusahau

Kuna jambo ambalo watu waliosomea makuzi ya watoto wameliona muda mrefu. Mwaka 1952, nchini Uingereza, James Robertson alionyesha filamu aliyoipiga katika hospitali moja ya London. Ilimhusu mtoto wa kike wa miaka 2 aliyelazwa kwa siku 8 bila mama yake kukaa naye. Wakati huo hospitali nyingi ziliwawekea wazazi masharti makali ya kutembelea, na imani ya wengi ilikuwa kwamba mtoto akishanyamaza ameshazoea. Filamu ile ilionyesha kitu kingine. Mtoto alikuwa kimya, lakini ukimtazama usoni unaona ana majonzi. Baada ya muda kazi ya Robertson ilisaidia kubadili taratibu za kutembelea watoto hospitalini.

Nimeitaja kwa sababu "atasahau siku ya tatu" ni imani ile ile. Mtoto wa miaka 4 hana maneno ya kusema kwamba moyo unamuuma, kwa hiyo anaacha kula. Au anaanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha. Au anamng'ata mwenzake chekechea, halafu sisi tunasema siku hizi amekuwa mtundu, sijui kalogwa na nani.

Na kwa nini amlilie dada wakati mama yake mzazi yupo? Hilo ni swali ambalo akina mama wengi tunajiuliza kimoyomoyo, na lina wivu ndani yake. Jibu zuri nililowahi kulisoma halitoki mbali, linatoka Uganda. Mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizunguka vijiji vya karibu na Kampala akiwatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga majumbani mwao. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1967, na ni katika misingi ya yale yanayofundishwa leo duniani kuhusu mtoto na mlezi wake. Aliona jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa kituo chake: anatambaa kwenda kuchunguza kitu, anageuka kutazama kama mama yupo, anaendelea. Lakini aliona pia kwamba watoto wale walishikamana na watu wengine wa nyumbani, baba, bibi, ndugu wakubwa. Kumpenda mmoja hakukumpunguzia mwingine.

Kwa hiyo mama mwenzangu, mtoto akimlilia dada, usihesabu kwamba umepungukiwa. Amejifunza kupenda, na hayo ni mapato ya nyumba nzima.

Kopo la maharage

Tulikuwa na siku 21. Mtoto wa umri ule ukimwambia "wiki tatu" ni kama umemwambia "mwaka wa shetani". Anahitaji kitu cha kushika. Tukachukua kopo tupu la Blue Band, tukahesabu pamoja punje 21 za maharage, tukamwambia ukweli kwa maneno mafupi: dada anaenda kwao Singida kujifunza kushona. Haendi kwa sababu umekosea. Hatarudi kukaa hapa, lakini utaongea naye kwa simu. Kila usiku tutatoa punje moja. Kopo likiisha, ndiyo siku ya safari.

Aliuliza maswali mawili. Singida kuna ng'ombe? Na nani atanipikia uji? Tukajibu yote mawili. Akaenda zake kucheza.

Ile saa 1 yetu ya usiku ikawa na kazi. Kunawa mikono, kukaa mkekani, kutoa punje, kuhesabu zilizobaki. Kuna siku alihesabu mpaka 17 bila kuruka, jambo ambalo chekechea walikuwa wanalihangaikia tangu Januari. Mimi nikaona mambo yanakwenda vizuri kuliko nilivyotegemea.

Usiku wa kumi tukafungua kopo, tukalikuta limejaa pomoni.

Dada akasema yeye hajui. Mume wangu akanitazama mimi. Mtoto akatazama ukuta. Kumbe mchana alikuwa ameingia jikoni kwenye ndoo ya maharage, akachota konzi baada ya konzi, akajaza kopo hadi juu ili siku za dada zisiishe.

Msomaji, nimesoma mawasiliano chuo kikuu miaka mitatu, lakini sijawahi kupokea ujumbe ulioandikwa vizuri kama ule. Alikuwa ameelewa kutoa, na kwa sababu ameelewa kutoa, akagundua kujumlisha. Wala hakuna mwalimu aliyemfundisha. Alifundishwa na kutotaka mtu aende.

Hatukucheka, na hatukumgombeza kwa kuchezea chakula. Baba yake akamvuta karibu, akamuuliza, "Unataka dada akae?" Akatikisa kichwa kukubali. "Hata sisi tunataka. Lakini maharage tunaweza kuyaongeza. Siku hatuwezi." Akalia. Dada naye akalia, akajifunika na kanga. Tulipomaliza tukahesabu upya punje 11, zilizobaki tukazirudisha kwenye ndoo, na kesho yake tukazipika.

Kumpa mtoto maneno

Mwaka 2021 Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyohusu watoto wa miaka 0 hadi 8. Ilijengwa juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, pamoja na ulinzi na usalama. Hilo la tatu, malezi yenye mwitikio, wengi tunalisikia kama lugha ya semina. Kumbe maana yake ni nyepesi: mtoto akikurushia kitu, mrudishie. Akionyesha ndege, mtaje huyo ndege. Akinuna, uliza kilichomnunisha. Akijaza kopo, soma alichokiandika.

Kiswahili kimetupa utajiri hapa ambao hatuutumii. Mtoto wetu alikuwa na maneno mawili tu ya hali zote za moyo: "nimekasirika" na "nina njaa". Siku moja kabla ya safari aliitupa sahani yake, nikamwambia, "Hiyo si hasira. Hiyo ni huzuni. Huzuni ni pale kitu unachokipenda kinaondoka na huwezi kukizuia." Baada ya safari tukampa neno lingine, hamu. "Una hamu na dada." Akalipokea kama mtu aliyepewa ufunguo. Kwa wiki nzima alikuwa na hamu na kila kitu: ana hamu na chapati, ana hamu na bibi wa Muheza, ana hamu na kiatu kilichopotea. Sawa, acha alijaribu jipya lake.

Neno halimalizi maumivu, lakini mtoto mwenye neno la kusema ana sababu ndogo ya kung'ata. Na wala huhitaji muda wa ziada. Unamwosha miguu, mnaongea. Unachambua mchele, mnaongea. Umebanwa naye kwenye bajaji kutoka Mbande, mnaongea.

Siku ya safari

Jumamosi ya tarehe 15 Machi tulimsindikiza dada hadi stesheni ya treni ya umeme, mjini. Angepanda hadi Dodoma, halafu basi la kupitia Manyoni mpaka Singida. Tulikuwa tumemfundisha mtoto majina ya vituo wakati wa kuoga: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, hadi Dodoma. Akamwimbia dada yake vyote mlangoni pa stesheni, akakosea Ngerengere, wakacheka. Halafu akalia kwa sauti ambayo watu waligeuka.

Mzee mmoja mpita njia, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Wewe si mwanaume? Mwanaume halii." Mume wangu alikuwa amechuchumaa pale chini. Akamjibu kwa heshima, "Shikamoo mzee. Mwache alie kidogo, anamuaga dada yake." Mzee akaitikia marahaba, akasimama kidogo, akamshika mtoto kichwani na kuendelea na safari yake.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Wiki ya kwanza alikataa uji. Wiki ya pili alimwambia dada mpya, "Wewe nenda kwenu." Mpaka leo hamwiti dada, anamwita anti, kwa sababu kwake yeye dada ni jina la mtu mmoja. Tuliliacha hivyo. Lakini hakuogopa soko, na hakuogopa geti likifungwa alfajiri. Alijua aliyeondoka ameenda wapi, na sisi wengine tunarudi saa ngapi.

Kwa wewe ambaye dada yako anafungasha

Wapo watakaosema hawana wiki tatu, dada kawaambia leo na kesho anaondoka. Ni kweli, hutokea. Ofisini mtu akiacha kazi anatoa taarifa ya mwezi, anakabidhi faili, anakatiwa keki. Dada anatoroka usiku na begi lake. Mara nyingi anaogopa kwamba akisema mapema atanyimwa mshahara au atafukuzwa siku ile ile. Dada anayelipwa kwa wakati na kusemeshwa kama binadamu ana sababu ya kukwambia mapema. Heshima unayompa yeye inaishia kwenye usingizi wa mwanao.

Ukipata hata siku moja, itumie kuaga. Mtoto amshike mkono, amwambie kwaheri, apige naye picha. Ukiweza, dada wa zamani na dada mpya wakae pamoja siku chache. Sisi walikaa siku 5, na yule wa zamani alimkabidhi mwenzake vitu ambavyo mimi mwenyewe mama nilivisikia kwa mara ya kwanza: kwamba mtoto akioga anataka maji yaanzie miguuni, kwamba akisema tumbo linauma asubuhi ya Jumatatu aulizwe kwanza ni nani kamnyang'anya kalamu chekechea.

Na kama ameshaondoka bila kuaga, bado unaweza kusema ukweli leo. Mwambie mtoto aliyeondoka yuko wapi, kwamba hakuondoka kwa sababu yake, na kwamba kumkumbuka ni ruhusa. Mkipigiana simu, usiogope kwamba unamtonesha kidonda. Muda wa simu uwe mfupi na usiwe wa ahadi za uongo za "nakuja kesho". Wala usimtulize kwa kumkabidhi tivii mchana kutwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 3 na 4 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na hata katuni nzuri haiwezi kumuuliza mwanao kilichomliza.

Lakini matokeo ya haya yote sikuyaona kwangu wala kwa mume wangu. Niliyaona kwa mtoto, Jumamosi moja mwishoni mwa Juni. Anti alikuwa amepigiwa simu kutoka kwao Lushoto. Alipoikata akakaa kwenye kigoda uani, akageukia ukuta wa jirani. Azam walikuwa wamewasha taa za uwanja wao, kiza kilikuwa kinaingia. Nikataka kumfuata, lakini kuna aliyenitangulia.

Mtoto alisimama mbele yake, akamwangalia usoni kwa makini kama daktari. "Anti, una njaa?" Akatikisa kichwa. "Umekasirika?" Hapana. Akafikiri. "Una hamu na mama yako?"

Anti akasema ndiyo.

Akakimbia ndani. Nikasikia kelele jikoni, kisha akarudi na kopo la Blue Band. "Unaenda kwenu lini?" Anti akamwambia Krismasi, ataondoka tarehe 20 Desemba. Baba yao akaitwa, akatoa simu, akapiga hesabu: siku 175. Tukakaa wote mkekani tukahesabu kumi kumi. Kopo likajaa, maharage bado yapo mengi. Mtoto akalitazama, akamtazama anti, akaenda kuleta ndoo.